Kabichi Zilizokataa Kufa

Jumatano, 1 Novemba
Deok-su, mvi zimekujaa na akili bado. Mwanangu wa kumzaa, lakini mjinga! Nilimwambia asipande mbegu ya kabichi ya duka shamba zima. Akanicheka – eti Mama, hizi zinakua sawasawa, kimo kimoja. Haya. Zimeugua sawasawa pia. Mizizi imevimba kama vidole vya mwenye baridi yabisi. Mlima mzima unanuka uozo.

Kipande changu nyuma ya nyumba nacho kimepigwa. Ila zangu hazifanani hata mbili – ndefu, fupi, chungu, nyingine ina zambarau. Nyingi zimekufa. Chache zimesimama wima. Nikafukua udongo nikachungulia: mzizi safi! Mbegu ya mama mkwe wangu hiyo, ya tangu kabla ya vita. Nimezifunga vitambaa vyekundu. Zikivuka baridi zitatoa maua, na mbegu yake ndiyo tutakayopanda. Hatuna nyingine.

Jumamosi, 4 Novemba
Goti. Nimeshuka mjini kuchomwa sindano. Nalala kwa dada yangu. Anakoroma kama nguruwe.

Jumapili, 5 Novemba
Nimerudi nikakuta wanatengeneza kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili ya kula msimu wote wa baridi, bila mimi. Binti zangu wametoka Seoul na mandoo yao. Mkamwana wangu Sun-im, mke wa Deok-su, pilipili hadi viwikoni, akaviringisha jani na kipande cha nyama akanitia mdomoni. Tamu. Kabichi nzuri hivi, nikauliza, mmepata wapi?

“Si zile za nyuma, Mama. Uliziwekea alama mwenyewe.”

Nilikuwa nimeshameza.

Alidhani nimewachagulia wageni. Aliogopa mawifi zake wataona majani yaliyooza waseme nyumba hii imekwisha. Na wangesema, nawajua, nimewazaa mimi. Binti mkubwa kaniambia ni kabichi tu. Nimemwambia na yeye ni mtoto tu, wapo wengi duniani.

Beseni zima limelala kwenye chumvi. Hakuna cha kuokoa humo. Deok-su kasema basi, imetokea, kesho trekta inageuza udongo wote, wa kwangu pia, watie chokaa ya kuua ugonjwa kabla ardhi haijaganda. Sijala.

Jumatatu, 6 Novemba
Sun-im kanivuta mkono alfajiri, macho yamevimba. Tulikata kwa kisu, Mama, hatukung'oa. Kweli – vigutu vya kabichi vimo ardhini na mizizi yake. Tumepiga magoti, goti langu hili! Vingine vimekauka. Kimoja kina kichipukizi ubavuni, kama punje ya mchele. Cha pili yake nacho. Baridi inaweza kuviua usiku huu huu. Sijui. Hata mama mkwe hakuwahi kunionyesha mbegu iliyotoka kwenye kigutu.

Dereva wa trekta yuko uani, anakunywa kahawa na Deok-su, wanacheka.

Nimemwambia Sun-im: toa mablanketi yote, hata la mumeo. Kavifunike. Kisha kaa hapo hapo juu ya udongo, na trekta ikija usiinuke.