Picha ya Mwisho ya Sabiti bin Akida, Mpiga Picha wa Stesheni

Baba,

Leo mwaka umetimia tangu gari la Maganga likubane kwenye ukuta wa ghala la pamba, hapa hapa Shinyanga, mbele ya stesheni, saa kumi alasiri, soko likiwa limejaa. Watu wengine huandika kwamba mpendwa wao amewatoka. Wewe hukututoka. Uliondolewa, na aliyekuondoa anapita barabara hii kila siku akipiga honi.

Ninayeandika ni mimi Mwaisha, binti yako. Mama amekaa kando yangu ananitajia maneno, na mengine nayapunguza makali, kwa sababu karatasi hii itabandikwa hadharani, kwenye ubao wako wa picha, na siku hizi wapo watoto wanaojua kusoma. Utakapoona makali yamebaki, ujue nilishindwa kumzuia.

Tuanze na mema yako, maana ndiyo mengi.

Ulitoka Tabora ukaja hapa na reli, mwaka ule ule ilipofika, sanduku la picha begani na miguu yake mitatu kwapani. Watu walidhani ni mpimaji ardhi, wakakukimbia. Baadaye hao hao ndio waliokuwa wakikupangia foleni. Ulipiga picha kila kilichopita mbele yako: lori la kwanza kwenda Geita kwenye dhahabu, limejaa watu na majembe mpaka juu ya kichwa cha dereva, fundi cherehani barazani, uzi mdomoni, wanawake wa Maganzo na vikapu vya karanga, wakicheka kwa sababu uliwakataza kucheka, ng'ombe wa mnada waliogoma kuvuka reli, na mkuu wa stesheni akiwaonyesha bendera.

Vijana waliokuwa wakienda Geita kuchimba walikuja kwako kwanza. Kila mmoja alitaka asimame karibu na gari la mtu, mkono juu ya madigadi, kana kwamba ni lake. Wewe uliwaombea ruhusa kwa wenye magari, ukawavika lile koti lako la kijivu, ambalo limevaliwa na nusu ya mkoa huu. Na kijana asiporudi, mama yake alipokuja analia hana hata sura ya kuangalia, ulimpa. Hukumuuliza kitu. Ulimwambia tu, "Kaa, mama, kivuli chake ninacho."

Hapo nieleze, kwa sababu watakaosoma ubao huu si wote wanaojua kazi yako. Sanduku lako halitoi picha mara moja. Kwanza hutoa kivuli, ndivyo ulivyokiita: karatasi ambayo cheusi kimekuwa cheupe na cheupe kimekuwa cheusi. Halafu hicho kivuli unakiweka mbele ya jicho la sanduku, unakipiga tena, ndipo inatoka sura yenyewe, kila kitu kimerudi mahali pake. Sura alikwenda nayo mteja, na nyingine ulijiwekea kwenye sanduku la bati. Kivuli hukumpa mtu. Ulivifunga kwa uzi wa katani, ukavipanga kwenye debe la mafuta ya taa uvunguni, na Mama akagomba miaka kumi kwamba uvungu wake umejaa majini.

"Mwandikie pia alivyokuwa anakula karanga kitandani," Mama anasema. Nimeandika, Mama. Na vidole vyako vilivyokuwa vyeusi kwa dawa ya picha, ukatuwekea alama kwenye kila sahani. Sahani moja hatujaisugua mpaka leo.

Jambo moja kila mtu wa mji huu analijua. Ulipokuwa tayari kufungua jicho la sanduku, ulipaza sauti: "Shikeni pumzi, mnaingia kwenye karatasi!" Basi mtaa mzima uliganda. Si mteja peke yake. Kinyozi alisimamisha wembe, muuza kahawa alisimamisha birika, hata wasiohusika waligeuza nyuso kwako wakatulia, kwa sababu hakuna aliyetaka kuingia kwenye karatasi akiwa amekaa vibaya. Tulikuwa tukiwacheka. Sasa siwacheki.

Siku ile Maganga, mnunuzi wa ngozi, alikuja na gari aliloshuka nalo kutoka Mwanza, jeusi, turubai lake bado linanuka upya wa dukani. Dereva wake Mihayo ndiye aliyeliendesha mpaka mbele yako. Kisha Maganga akamshusha, akaketi yeye kwenye usukani, kanzu nyeupe imepigwa pasi.

"Sabiti," akakwambia, "picha hii nataka ionekane. Kutoka hapa mpaka Geita, kila mtu amwone Maganga anaendesha gari lake."

Ukamjibu, "Itaonekana, bwana. Wewe tulia tu."

Nikiwa nyumbani sikuyasikia hayo. Nimeyasikia baadaye, kwa Mihayo, aliyekuwa amesimama pembeni na hendeli ya kuwashia mkononi. Ukamwomba Maganga azime injini, akakataa, ati gari lililozimwa halina heshima. Ukapiga hivyo hivyo. Ulipokwisha kufunika jicho, Maganga akataka alizungushe sokoni watu wamwone. Hakujua kuendesha, Baba. Alijua kununua tu. Akakanyaga alichokanyaga, gari likaruka, likasukuma sanduku upande, na wewe likakupeleka ukutani.

Nilipofika mbio ulikuwa chini. Watu walimwambia Maganga akupakie kwenye gari, hospitali ni mwendo mfupi. Hili Mama alilisikia kwa masikio yake, na maneno nayaweka kama yalivyo. Alisema, "Viti bado vipya. Damu haitoki."

Ukapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa Mabula. Mabula, Mungu akulipe. Ng'ombe wanakwenda kama ng'ombe. Njiani ulinishika mkono ukaniambia, "Mwaisha, usifungue sanduku. Mwanga usiingie." Nilidhani umeanza kuweweseka. Hukusema lingine, na hospitali hatukufika na wewe.

Jioni ile mji wote ulikuwa unasema Mihayo ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Nasi tulimlaani Mihayo, Baba. Tulimlaani kwa jina, mbele ya mama yake, Limi, aliyekuja matangani analia. Hilo ni deni letu wenyewe, na hapa, mbele ya wasomaji wote, tunamwomba radhi.

Asubuhi, ulipokuwa ndani unasubiri kuoshwa, nilikaa uani na sanduku lako lililobonyea. Jicho lake lilikuwa limepasuka. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa kitambaa ulio ubavuni mwake, kama ulivyonifundisha, nikaiosha ile karatasi kwenye dawa kwa kuhesabu, bila kuona. Nikatoa kivuli chako cha mwisho. Mihayo yuko chini, pembeni ya gari, hendeli mkononi. Kwenye usukani yuko mtu mwingine.

Siku ya saba Maganga akaja na gunia la mchele na rambirambi ndefu. Alipokwisha kula akauliza, kama mtu anayeulizia mvua, "Ile picha ilitoka?"

"Sanduku si lilivunjika?" Mama akamjibu.

Hakuridhika. Akasema anataka kuziona picha zote za marehemu, azihifadhi kwa heshima. Nikamletea zote, na debe la vivuli. Baba, ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe. Akakishika kile kile kivuli cha mwisho, nilichokuwa nimekichanganya na vingine, akakiangalia karibu, akakiangalia mbali. Aliona mtu mwenye uso mweupe, kanzu nyeusi, ameketi kwenye gari jeupe.

"Huyu Padri ni wa misheni gani?" akauliza.

"Wa Buseresere," Mama akasema, bila kupepesa jicho. "Alipita njia."

"Na gari zuri hivi! Mapadri hawa." Akakirudisha kwenye debe. Alivipekua vingine viwili vitatu, akaona watu wenye nywele nyeupe na macho meupe, akaingiwa na woga. "Hizi zimeharibika," akasema. "Za majini hizi. Washieni moto jikoni."

Zile sura nzuri, za miaka kumi, alizokuta kwenye sanduku la bati, alizibeba zote. Akazichoma nyuma ya ghala lake. Lori la Geita, wanawake wa Maganzo, fundi cherehani, vijana na mikono yao juu ya madigadi. Moshi wake tuliuona kutoka uani kwetu. Mama alisimama akautazama mpaka ukaisha, halafu akarudi ndani kwenye eda yake.

Wiki mbili baadaye, mbele ya hakimu, Maganga aliapa kwamba siku ile hakugusa usukani hata kwa kidole, kwamba alikuwa barazani anakunywa kahawa. Wakaitwa watu wa soko. Mmoja mmoja walisema walikuwa wamegeuka kisogo. Soko zima, Baba, siku ya gulio, lilikuwa na visogo tu! Mihayo akafungwa miaka miwili.

Na mimi nina kivuli, sina jicho. Bila jicho hakuna sura, na nani angemkamata Maganga kwa karatasi inayoonyesha padri? Fundi mmoja wa Mwanza alikuwa na jicho la kuuza, sisi hatukuwa na cha kulinunulia. Ndipo Limi alipokuja asubuhi moja anaswaga ng'ombe.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Mama kwa Kisukuma. "Huyu ng'ombe ni wa Mihayo mwenyewe. Akitoka atapata mwingine. Asipotoka, ng'ombe wa nini tena?"

Mama alitaka kusema kuhusu ile laana. Limi akamkatiza: "Ulikuwa umefiwa. Mfiwa hasikilizwi."

Jicho lilifika na treni mwezi uliopita. Sura ya kwanza niliyoipiga ni sawa na hiyo iliyobandikwa chini ya karatasi hii. Enyi mnaosoma, sogeeni, msione haya. Huyo kwenye usukani si padri. Kanzu imerudi kuwa nyeupe, gari limerudi kuwa jeusi, na kidevu mnakijua. Huyo pembeni mwenye hendeli ni Mihayo, miguu yake yote miwili iko ardhini.

Halafu angalieni nyuma ya gari. Baba alikuwa amesema mshike pumzi, nanyi, kama kawaida yenu, mkashika. Kinyozi huyo, wembe juu. Huyo Masele na birika lake. Huyo Pantaleo wa maboga. Nimehesabu nyuso kumi na moja, zote zinaangalia mbele, zimetulia, safi kabisa. Kisogo hakuna hata kimoja.

Sura hiyo niliibandika hapa Jumatatu. Jumanne Maganga akaja mwenyewe akaichana. Nikabandika nyingine. Akaichana na hiyo, akanitukana mbele ya stesheni. Nikabandika ya tatu. Aendelee tu, ana mikono miwili, mimi karatasi bado ninazo. Kivuli chenyewe hakipo tena uvunguni. Kipo kwa Bwana Shauri, afisa wa serikali wa wilaya, ambaye alikigeuza mara mbili, akaweka sura yake pembeni, akaagiza kesi ifunguliwe upya.

Jana Masele alibisha hodi.

"Shikamoo, Mama Mwaisha."

"Marahaba. Leo umegeuka? Nilisikia shingo yako imekaa upande tangu mwaka jana."

"Mama, nilimwogopa yule."

"Na sasa humwogopi?"

"Namwogopa," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Lakini mke wangu ameniona kwenye picha."

Mama hakumkaribisha ndani, ila alimpa kiti cha uani. Mimi nisingempa. Kufikia leo tisa kati ya wale kumi na mmoja wamekwenda kwa Bwana Shauri kusema walichokiona. Wawili bado. Wanajijua, na sura zao nimezipiga tena peke yao, kubwa, ziko tayari.

Watu wa dini wametuambia tusamehe. Huenda tutasamehe, Mihayo atakapokuwa amekaa nyumbani kwa mama yake anakula ugali. Kabla ya hapo msituletee habari hizo. Mama anataka niandike kwamba Mungu amvunje Maganga mguu kwa mguu. Nimemwambia tumwachie Mungu kazi yake. Sisi tuna ya kwetu.

Maana uliacha ahadi, Baba, na ahadi ya marehemu huwaangukia watoto. Yule alikwambia anataka picha yake ionekane, nawe ukamjibu itaonekana. Usiku wala mchana sijapumzika kuitimiza. Nimepiga sura arobaini. Mabula amebeba tano kwenda Maganzo. Madereva wa malori wamechukua za Kharumwa na Buseresere, na nyingine ziko njiani kwenda kwenye mashimo ya dhahabu Geita, kwa vijana wako wa koti la kijivu. Kila anakonunua ngozi atajikuta amekwisha fika, ameketi kwenye usukani, anatabasamu.

Lala salama, fundi. Wanaokukumbuka ni mkeo Zamoyoni. Binti yako Mwaisha, ambaye sasa ndiye anayesimama na sanduku mbele ya stesheni. Dada yako Kijakazi wa Tabora. Na Limi, mama yake Mihayo, aliyeomba jina lake liwekwe pamoja na majina ya ndugu, nasi tumeliweka.

Siku zote tutakukumbuka, Baba. Na Maganga naye atakukumbuka.