Mkono Niliouinua Mwenyewe

Stanleyville, Agosti 1964

Papa yangu Alfani, kule Ubundu,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa binti yako. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya mtoni? Mama mdogo Zaina hajambo? Mimi mwili ni mzima, alhamdulilahi. Mboga ya sombe na mihogo napata. Watu wa kula nao ndio sina.

Unakumbuka nilivyolalamikia kazi ya materniti. Waganga Wabelgiji walipoondoka, muuguzi mwenzetu René alifanywa directeur, mkuu wetu sote. Mwanzoni alituma amri tu kutoka ofisini. Sisi tunaokaa Lubunga, ng'ambo ya mto, kivuko kikituacha alitukaripia bila kuuliza sababu. Bon, tukafanya kazi kwa moyo mzito. Mama mmoja alizalia kwenye korido huku tukibishana zamu ni ya nani. Mutoto hakulia.

Kesho yake René alituita wote, hata Mama Simone anayefua mashuka. Akakaa nasi kwenye benchi, akasema, "Na ninyi, mungefanyaje?" Hatukuzoea kuulizwa. Halafu tukaongea mpaka jua likazama, tukajipangia zamu, wa ng'ambo tukapewa chumba cha kulala palepale. Tangu hapo, Papa, watu walikuja kazini mapema, wengine hata na homa, na hakuna mama aliyezalia tena sakafuni.

Vita ilipoingia mjini, René alisema hata hili hataliamua peke yake. Tuliketi huku bunduki zikilia upande wa mto Tshopo. Wengi walitaka tufunge tuondoke. Lakini wanawake wawili walikaribia kuzaa, na Philomène, aliyetokwa damu nyingi, hakuweza kusimama.

Sasa nikwambie ukweli. Najua huko mnasema René ndiye aliyenizuia kuja kwenye ndoa yangu. Sivyo. Mbele ya wote aliniambia niende nikaolewe. Ni mimi niliyesema lazima mmoja abaki, na mkono ulioinuka ulikuwa wangu. Wenzangu walivuka mto. René alibaki nami, lakini vijana wenye silaha walikuja wakamchukua, na mpaka leo sijui alipo. Usimlaumu, Papa. Umwombee.

Jana nilitaka kufunga mlango mkubwa. Niligeuka nimuulize mtu, kumbe hakuna. Nikawauliza wagonjwa wenyewe. Philomène akasema tuuache wazi, pengine kuna mwingine njiani. Tukauacha. Usiku sikulala, nilikaa nikiutazama kwa hofu. Alfajiri akaingia msichana mmoja kwa miguu, peke yake, ameshikilia tumbo.

Mwambie Feruzi kwamba akichoka kuingoja ndoa yetu sitamkasirikia. Asipochoka, anajua nilipo. Msalimie mama mdogo na majirani wote wa karibu na stesheni. Barua hii naikabidhi kwa mzee wetu Tonton Amuri wa treni, Mungu amfikishe salama.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka sana,

Hadidja