Nyota Zenye Madoa Mawili

Jumatatu, 3 Machi
Stima imerudi saa nne. Nimeendelea na nyota za kundi ninalolichunguza: changa, ndogo kuliko Jua, zenye madoa meusi. Nyota ikizunguka, doa linapita mbele na mwanga unafifia, kisha unarudi. Napima muda huo, najua kasi ya mzunguko. Hapa Suna hakuna anayeamini kwamba hii ni kazi. Mama huwaambia majirani natafuta kazi.

Sura ya nne ya tasnifu yangu inasema nyota zangu zina kasi kuliko zingine za umri huo. Bila sura hiyo sina shahada. Chuo kimeniongezea muda mara ya mwisho.

Jumatano, 5 Machi
Nimemtumia Atieno sura. Tulisoma pamoja, sasa anafundisha Homa Bay. Ana jicho kali. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Amepiga simu wakati wa mapumziko, wanafunzi wakipiga kelele nyuma yake. "Sikia, nyar Suna, uliangalia kama kuna doa la pili?" Ndivyo anavyoniita, binti wa Suna.

Sikuangalia. Madoa yakiwa mawili, moja kila upande, mwanga hufifia mara mbili kwa mzunguko mmoja. Programu ya kompyuta huona mizunguko miwili, na kasi inatoka maradufu.

"Programu imekuchagulia muda wa mzunguko, wewe ukakubali tu. Pole, lakini hizi ziko slow kama zingine."

Nimemkasirikia yeye, si programu. Upuuzi mtupu.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Stima hakuna. Afadhali.

Jumamosi, 8 Machi
Leo ni Sabato yetu, Mama ameenda kanisani bila mimi. Nimekagua nyota moja moja. Mfifio mmoja mkubwa, unaofuata mdogo kidogo, tena mkubwa. Madoa mawili. Nyota ya mwisho ilinipa matumaini mpaka nilipoikuza kwenye skrini. Nayo pia.

Nimelia. Chakula kimepoa.

Jumatatu, 10 Machi
Nilimwandikia msimamizi wangu wa chuo, amejibu kwa mistari miwili. Nyota za kasi ya kawaida wengine wameshazipima, sura haina jipya. Muda hauongezwi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimesahihisha kasi zote hata hivyo. Hakuna atakayezisoma.

Atieno alinitajia shule moja Kegonga inayotaka mwalimu wa fizikia. Wamenichukua. Mama amechinja kuku na kuwaita majirani. Wameomba, wamekula, wamenipongeza mmoja mmoja. Mama alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake miaka mingi.

Nimewashukuru wote, kisha nikaosha vyombo.