Mpiga Gitaa Aliyetugeuzia Mgongo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Mwananyamala hatujambo, ila mjomba wako na mafua yake.

Umeniuliza kama mtu anayetetemeka anafaa kuimba mbele za watu. Enzi za Ujamaa, bendi ya roki ilikuwa ikifanya mazoezi nyumba ya jirani. Miaka mitatu nilimhusudu mpiga gitaa wao kwa kumsikia ukutani tu. Siku nilipoingia kwenye onyesho lao la mchana, nimevaa gauni jipya, akapiga nyimbo zote ametugeuzia mgongo! Nikamfuata kwa hasira.

“Dada, nikiwaona nyie vidole vinagoma,” akasema, mikono bado ikimtetemeka.

Na ukumbi mzima tulikuwa tumelowa jasho kwa kucheza.

Imba, mama. Ukishindwa kututazama, tugeuzie mgongo. Sie tutacheza.

Bibi yako