Sauti ya Domitila Mnadani

Jumamosi, 13 Januari
Shuka za vyumba vyote vya nyumba yangu ya wageni zimefuliwa. Mvua imekuja kabla hazijakauka. Nimezihamishia barazani, kisha nimekaa na diski zangu za santuri kama kila Jumamosi. Kitambaa laini, maji kidogo, sabuni hapana. Wageni wawili wa kiwanda cha simenti, kutoka Bugarama, wamesimama mlangoni kunitazama. Mmoja ameuliza kama sahani hizo bado zinalia. Zinalia.

Baba alitoka Bukavu na sanduku moja la diski tuliporudi Rwanda. Nyingine nimezikusanya mwenyewe. Nauza moja, nanunua nyingine. Sina starehe nyingine zaidi ya hiyo.

Jioni nimefungua katalogi ya mnada wa Brusel kwenye simu. Kuna diski ndogo inauzwa, karatasi nyekundu katikati, orkestra iliyovunjika zamani ya Kadutu, mtaa wetu kule Bukavu. Upande wa pili kuna wimbo ambao dada yangu Domitila aliimba sauti ya pili. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliingia studio mara ile moja tu. Mwaka uliofuata homa ilimchukua. Nakala yetu ilivunjika wakati wa kuhama.

Sina sauti yake popote. Picha ninazo. Picha haziimbi.

Jumapili, 14 Januari
Misa. Sikusikia mahubiri.

Mchana nimempigia Papa Justin, mwalimu mstaafu, anakaa ng'ambo, Bukavu. Tunajuana kwa ajili ya diski, miaka mingi sasa. Tunabadilishana kwenye daraja la Ruzizi, mpakani. Ila tuna mwiko ambao hatujawahi kuusema: diski unayoiwinda usiitaje. Ukiitaja, umeifukuza. Kwa hiyo nimeuliza juu ya makato tu.

“Maman Rosine,” amesema, “bei ya nyundo, ile banagongea mnadani, aiko bei ya kweli. Ukinunua, banakuongezea karibu robo. Ukiuzisha, banakukata. Pande zote mbili banakula.”

Halafu ameguna. Amesema naye anafikiria kuuza kitu. Sikuuliza nini.

Ijumaa, 19 Januari
Binamu yangu Odette anarudi Brusel baada ya harusi aliyoijia. Nimempa diski tatu za baba awapelekee watu wa mnada, nipate hela kabla, kwa sababu mnada wao mdogo unatangulia ule wa diski ya Domitila. Nimezifunga ndani ya kitenge. Moja baba aliipiga kila tulipopata barua kutoka kwa bibi. Nimeisikiliza mara ya mwisho asubuhi, nimesimama.

Naumia. Nimezitoa hata hivyo.

Alhamisi, 22 Februari
Mbili zimeuzwa. Nyundo imegonga vizuri, juu ya nilivyotarajia. Nimemshukuru Mungu kwa sauti, jikoni, mbele ya mpishi.

Jumatatu, 26 Februari
Hesabu imekuja. Makato ya komisyo. Picha. Bima. Diski ya tatu haikupata mnunuzi, nayo wameitoza. Kilichobaki ni kama samaki aliyekatwa kichwa na mkia, halafu ukaambiwa huyo ndiye uliyevua.

Aliyenunua diski za baba amelipa zaidi ya ile bei niliyoifurahia. Mimi nimepokea pungufu yake. Hela ya katikati haikuimbwa na mtu wala haikukusanywa na mtu. Ni ya nyumba ya mnada.

Ndiyo, wana kodi, wana wafanyakazi, mimi pia nina nyumba ya wageni. Lakini mimi mgeni namwambia bei kabla hajalala.

Walisema, kumbe. Kwa herufi ndogo, chini ya ukurasa. Hilo limeniudhi zaidi. Nimemfokea mpishi bure. Nimemwomba radhi.

Jumatano, 13 Machi
Kesho mnada. Nimejiwekea mpaka. Kila nitakachotaja, robo itapanda juu yake, kisha usafiri, kisha forodha. Lazima nisimame mbali kabla ya mwisho wa mfuko wangu. Ni kama kwenda sokoni na kikapu ambacho tayari kina mawe.

Nimeomba. Kuombea diski ni aibu kidogo. Nimeiombea.

Alhamisi, 14 Machi
Nimeweka simu juu ya meza ya mapokezi na kufunga mlango. Wengi wameacha mapema. Tumebaki wawili, mimi na mtu asiye na jina, namba tu. Nimepanda, amepanda. Nimefika mpaka wangu. Nimepanda mara moja zaidi. Naye amepanda, bila kungoja, kama mtu anayekanyaga kidole chako.

Nimeacha.

Bei ya nyundo niliiweza. Bei ya nyumba ya mnada ilinishinda.

Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia. Mtu yule namchukia. Ataiweka kwenye rafu Antwerp au Paris, hatajua hata msichana ni nani.

Ijumaa, 15 Machi
Hakuna umeme. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 17 Machi
Kutoka barazani Bukavu inaonekana yote, mabati yanang'aa baada ya mvua. Nimejaribu kukumbuka sauti yake. Nakumbuka jinsi alivyofumba macho akiimba. Sauti hapana. Nakumbuka kwamba ilikuwa nzuri, lakini hiyo ni habari tu, siyo sauti.

Jumanne, 26 Machi
Papa Justin amenipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, nikadhani anaumwa. Alitaka kujua kama naweza kununua diski zake mbili tatu, haraka; nyingine ameshaziuza. Amenunua moja kule Brusel na nyongeza imemzidi. Kuna mkaidi alimpandisha mpaka akapita kipimo chake. Sasa nyumba ya mnada inamdai. Akichelewa, itamtoza na hela ya kuitunza.

Nimeuliza ni diski gani.

Amesema: “Ile ya Domitila yenu.”

Nilitafuta kiti. Nikamwambia, “Papa Justin, ule mukaidi ni miye.”

Akasema, pole pole, “Nilikuwa namupenda, Maman Rosine. Sikukuambia juu niliogopa ungeniuliza kama yeye alijua.”

Nilimwambia wageni wamefika. Hapakuwa na mgeni.

Jumatano, 27 Machi
Asubuhi hasira. Nilimchukia mtu wiki mbili nzima, kumbe ni yeye. Na hasira nyingine, ya ajabu: kwamba alikuwa na Domitila wake ambaye mimi sikumjua.

Mchana hasira imehama. Kama mmoja wetu angefungua kinywa, diski ingekwenda kwa bei karibu na ya kuanzia. Hao wengine walikwisha kuacha. Tulipandishana wenyewe, mimi huku, yeye kule, na mto katikati. Nyumba ikakata robo ya kunyamaza kwetu. Diski za baba zilikwenda huko. Za Papa Justin nazo.

Nimempigia. Nimemwambia asiuze kitu tena. Hela yangu iliyobaki na yake zinatosha. Odette ataichukua diski kwa mkono wake, tusilipe usafiri. Itakuwa ya wote wawili.

Ameuliza, “Itakaa kwa nani?”

Nimesema tutaona. Alicheka kidogo. Mara ya kwanza tangu jana.

Jumamosi, 30 Machi
Imelipwa. Niliposikia, sikufurahi jinsi nilivyodhani. Nimechoka tu. Nimeangalia nafasi tupu za diski za baba kwenye rafu. Nimesogeza nyingine ili zisionekane. Bado zinaonekana.

Jumatano, 15 Mei
Mtu wa kanisani kwa Odette ameileta. Haijakwaruzwa sana. Sikuipiga. Nimeigeuza, nimesoma majina, nimeirudisha ndani ya karatasi yake. Namngoja Papa Justin. Kungoja huku ni kugumu kuliko kule kwa mwanzo.

Jumapili, 19 Mei
Pentekoste. Papa Justin amevuka baada ya misa. Shati jeupe, limepigwa pasi mpaka kola. Amekonda. Nilimwandalia sombe, majani ya muhogo, na sambaza, dagaa wa ziwa letu, hakugusa.

Tumeiweka diski. Mwanzo ni mikwaruzo, kisha gitaa, kisha mwanamume, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Domitila anaingia ubeti wa pili, chini ya sauti yake. Ni sauti ndogo kuliko niliyoiwazia. Ndogo, na imetulia, kama mtu anayeongea na mwenzake karibu. Niliitambua kabla sijaisikia vizuri. Mimi leo ni mzee kuliko mama alivyokuwa wakati ule. Yeye bado msichana.

Wimbo umekwisha haraka. Tulikaa tu, diski inazunguka.

Papa Justin akasema, akiangalia ziwa, “Alikuwa anaimba ivi ivi hata akiosha sahani.”

Kwetu Kadutu Papa Justin hakuwahi kuingia, hata siku moja. Nilifikiria hizo sahani zilikuwa za nani, na za nyumba gani.

Sikumuuliza. Nilimsogezea sahani ya sombe, akaanza kula. Mpaka unafungwa mapema, lakini tulikuwa na muda bado. Nikarudisha sindano mwanzoni.