Damu ya Mama Mkwe Chini ya Hadubini

Homa Bay, Jumatano jioni. Mvua imegoma tangu juzi, na joto la ziwani limenikaa shingoni.

Leo nimeona damu ikipinda.

Nianze na mahindi. Mvua ya kwanza iliponyesha nilipanda shamba langu kabla mama mkwe hajapanda lake. Kwetu Waluo hilo ni kosa kubwa, mama wa boma ndiye hutangulia. Lakini mimi mwalimu bwana, nikajifanya mjuaji, nikaona mvua haitatungoja. Wiki haikwisha, mwanangu Akinyi akavimba vidole vya mikono na miguu, akalia mpaka sauti ikakauka. Mama mkwe akalitamka lile neno nililojua linakuja: chira. Laana ya mvunja mwiko. Wazee wakakubaliana naye: hospitali isipoutaja ugonjwa leo, mimi narudishwa kwetu Migori na mtoto anabaki.

Nafundisha sayansi, lakini moyoni nilishaanza kuamini kwamba nimemroga mwanangu kwa jembe.

Asubuhi tukaenda hospitalini, mama mkwe mbele, mimi nyuma na mtoto mgongoni. 

Mpimaji damu, mtu mcheshi, alimtoboa Akinyi kidole, akaweka tone la damu kwenye kioo, akalichanganya na dawa, akalifunika na kuziba kingo kwa vaselini ili hewa isiingie. Aliposikia kazi yangu akanivuta kwenye hadubini. “Njoo uone hizo seli unazofundisha, mwalimu.”

Jamani!

Miaka yote nimechora duara ubaoni, nikatia nukta katikati, nikawaambia watoto hiki ni kiini. Nilikuwa nasadiki tu, sijawahi kuona. Na sasa hizi hapa, za mviringo, zimebonyea katikati, zinaelea na kupishana. Nikatafuta kiini, hakuna. Mpimaji akacheka, akasema chembe nyekundu hukitupa zikikomaa ili zipate nafasi ya kubeba hewa. Akasogeza kioo nikaona moja nyeupe, kubwa, na kiini chake kwa mbali ndani yake. Yote haya kwenye tone moja la mtoto wangu!

Halafu zile nyekundu zikaanza kupinda. Moja, nyingine, nyingine tena, ncha huku na huku kama mundu.

“Ndio ugonjwa wenyewe huo, selimundu,” akasema. “Zikikosa hewa zinapinda, zinakwama kwenye mishipa. Ndiyo sababu anavimba. Amezaliwa nao, ameupata kwa baba na kwa mama.”

Nilipomtafsiria mama mkwe aliruka. Kwa baba? Damu ya boma lake ni safi! Akamnyooshea mpimaji kidole chake mwenyewe. “Nitoboe, uone!” Nami nikatoa changu.

Tukangoja kwenye benchi, kila mtu upande wake. Zangu zilipinda. Zake pia. Mpimaji akaeleza kwamba sisi tunaubeba tu bila kuumwa, ila mtoto akiupata pande zote mbili, humtesa. Mama mkwe akaomba aone. Akaziba jicho moja kwa kiganja, akainama, akakaa hapo muda mrefu.

Kusema kweli, nilikuwa nimejiandaa kumcheka.

“Nyar Migori,” akasema bila kuinuka. Binti wa Migori, ndivyo anavyoniita tangu niolewe. “Na wale wangu?”

Wale wake ni wawili, waliokufa kabla mume wangu hajazaliwa. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia habari zao. Walivimba mikono hivi hivi. Watu walisema mama yao mchawi, amewala.

“Kumbe sikuwala,” akasema. Akarudia tena, safari hii akimtazama Akinyi. “Nyasaye, Mungu wangu! Kumbe sikuwala.”

Nilimshika mkono, naye hakuutoa. Sote tukalia mbele ya mpimaji wa watu, akajifanya anafuta kioo.

Dawa ya kuumaliza ugonjwa huu hakuna. Maji mengi, asipigwe na baridi, vidonge vya kukinga malaria. Naogopa. Lakini sirudi Migori, na hakuna aliyemroga mtu.

Njiani mama mkwe ndiye aliyembeba Akinyi. Alikuwa akimtajia majina mawili, polepole, majina ambayo sijawahi kuyasikia katika boma lile.

Kesho nitamwomba anisimulie walikuwa watoto wa namna gani.