Akelo Simjui

Butimba, Mwanza
6 Desemba 1998

Kwako dada yangu mpendwa Hellen Apiyo,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na wewe una tabia ya kusoma barua umesimama mlangoni huku sufuria inaungua jikoni. Hujambo wewe? Baba hajambo na mguu wake? Bado anatazama saa kila treni inapopiga honi, kana kwamba reli haijamstaafisha? Mwambie shikamoo yangu nyingi, hata kama atasema hiyo ni salamu ya Watanzania. Sisi huku ni wazima. Favour ameota meno ya mbele na sasa anang'ata kila neno. Shemeji yako Mayala anakusalimu sana, anauliza lini utakuja uonje samaki wa huku, sato, ambaye ninyi mnamwita ngege na kumsifu bure.

Barua yako ya mwanzo wa mwaka niliipata. Nimekaa nayo muda mrefu bila kuijibu sawasawa, na najua umeshawaambia majirani kwamba nimenuna. Sikununa. Nilikuwa natafuta maana ya neno moja. Uliandika kwamba pacha wako, Odongo, alituacha bila kupenda kwake, lakini mimi nawaacha kwa kupenda, nimewafuata Watanzania na hati zao. Kisha ukamalizia, "Akelo, unatukana." Nikabaki nimeishika karatasi. Je, ni kutukana kwa matusi, au ni kutukana kwa maana ya kuwakana ninyi, wewe na Baba na marehemu? Tumekulia kambi ya reli, ambako hata ugomvi wetu ulikuwa wa Kiswahili, na wewe ndiye uliyekuwa bingwa wa lugha darasani. Bila shaka ulikusudia yote mawili. Mayala nilipomsomea alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

Ngoja nikueleze lililonisukuma, kwa sababu katika zile barua zangu fupi sikuwahi kulieleza vizuri. Tangu nije huku nimeishi kwa kibali, na kibali chenyewe kilisimama juu ya kazi ya Mayala. Kile kiwanda cha kuchambua pamba kilipouzwa, yeye na wenzake walipunguzwa. Siku hizi pamba inanunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani, nchi nzima imekuwa soko, na Mayala naye ana kibanda cha kuuza majembe na dawa za mimea. Nilipokwenda kuomba kibali kingine nikaulizwa mume wangu ameajiriwa na nani. Nikasema amejiajiri. Karani akatikisa kichwa, akasema safari hii tutapewa, ijayo hawezi kuahidi. Ningekosa kibali, ningevuka mpaka peke yangu, na watoto wangebaki na baba yao katika nchi ya baba yao. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, dada, si tamaa ya hati.

Basi nikaanza kusomea uraia kama mtoto anayesomea mtihani wa darasa la saba. Mwalimu wangu alikuwa jirani yetu Rebeka, anayefundisha chuo cha ualimu hapa Butimba. Nilidhani kazi itakuwa mikoa na maziwa, na hiyo niliimeza upesi. Kumbe kazi ilikuwa Kiswahili. Mimi, niliyezaliwa nacho! Rebeka akaniambia Kiswahili changu kina haraka, kinafika kabla ya mwenyewe. Nikiingia dukani nasema "nipe sukari", na mwenye duka ananitazama kama niliyempokonya. Huku watu wanaomba sukari wanayoilipia. Nikamuuliza Rebeka inakuwaje mtu aombe kitu ambacho pesa yake iko mkononi. Akasema huombi sukari, unamwomba yule mtu asimame kwa ajili yako. Nimelifikiria jambo hilo hadi leo, na sukari naiomba.

Unakumbuka aibu yangu ya kwanza kule Magu, siku Mayala aliponipeleka kwao? Nilikuficha nusu yake. Nilisimama mbele ya wazee nikajitambulisha kwa sauti kubwa kwamba mimi ni bibi ya Mayala, kama tunavyosema kwetu. Huku bibi si mke, bibi ni nyanya, mzaa mama au mzaa baba. Wazee walianguka kwa kicheko, na mtoto mmoja akaja mbio akaniambia, "Shikamoo bibi." Aliyenionea huruma ni mama mkwe, Mama Paskazia. Alinishika mkono akanipeleka jikoni, akaniuliza jina langu na maana yake. Nikamwambia naitwa Akelo, maana yake ni mtoto anayewafuata mapacha. Hapo akapiga kigelegele. Kwa Wasukuma mapacha ni Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata huitwa Shija. Akaniuliza na mapacha wangu wanaitwaje, nikamtajia na habari zao, tukaendelea kuchambua choroko. Tangu siku hiyo nikawa Shija. Jina likanifuata mpaka Butimba, kanisani, sokoni, kwa majirani. Akelo alibaki katika pasi yangu ya kusafiria na katika barua zako.

Siku ya usaili ilipofika tulikwenda wanne. Mayala alivaa koti lake la harusi. Mama Paskazia alikuja toka Magu na mchele kwenye kikapu, kana kwamba tunakwenda kuposa. Wa nne alikuwa Mzee Maige, mwenyekiti wa mtaa wetu na mzee wa kanisa, aliyeitwa athibitishe kwamba ananifahamu. Huyu mzee anajisifu kwa kufahamu watu. Hata mbuzi wa mtaani kwetu anakuambia ni wa nani na mama yake alikufa lini.

Afisa alikuwa kijana wa Kihaya, jina lake Venant, amevaa tai na miwani, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Rebeka alikuwa amenizoeza shikamoo mpaka ikawa inatoka yenyewe, basi nilipoingia ikatoka. Yule kijana akageuka nyuma kutazama nimemwamkia nani. Alipoona hakuna mtu, akaona haya, akaniamkia yeye. Tukaanza hivyo. Aliniuliza mikoa, akaniuliza kazi za mwenyekiti wa mtaa, akaniuliza ninapika nini Jumapili na kwa nini niliolewa mbali. Nikamjibu kwamba si mbali, ni ziwa lile lile, ila sisi tumekaa upande wake mwingine. Hilo lilimpendeza. Akaniuliza kama niko tayari kuukana uraia wa Kenya. Nikamwomba, naam nilimwomba, anieleze kukana kwenye sheria ni kukana kwa namna gani, maana nina dada aliyenilaumu kwa neno hilo. Akavua miwani akafikiri. Akasema, "Mama, hapa unakana karatasi. Watu wako hakuna anayekutaka uwakane." Kisha akaniambia nisubiri nje, amwite shahidi.

Mlango waliuacha wazi kwa sababu ya joto, na mimi nilikuwa kwenye benchi pembeni yake. Nikamsikia Afisa Venant akimuuliza Mzee Maige kama anamfahamu Akelo Ojuok, jina langu la kwenye pasi. Mzee akaomba atajiwe jina upya. Akamuuliza tena. Mzee akajibu kwa sauti ya kuhubiri, "Akelo simjui." Afisa akasema mama huyu anadai ameishi katika mtaa wake miaka tisa. Mzee Maige akakasirika. Akasema kwenye mtaa wake hakuna mtu wa jina hilo na hajawahi kuwepo, na kama yupo basi amejificha, na yeye yuko tayari kwenda na mgambo kumtafuta.

Dada, niliinuka pale pale. Nilitaka kuingia, askari wa mlangoni akanionyesha nikae. Nikamtazama Mayala, naye akanitazama, na nikajua tunawaza watoto. Hatimaye nikaitwa. Mzee Maige aliponiona uso wake ukachanua. "Ah, huyu? Huyu si ni Shija!" Alidhani ameniokoa. Afisa Venant akaweka kalamu chini. Uso wake wa kirafiki ulikuwa umekwisha. Akaniuliza taratibu inakuwaje mgeni, mke wa mtu, mwenye pasi ya jina moja, ajulikane mtaa mzima kwa jina jingine tena la Kisukuma. Akasema kuna watu wanaovuka ziwa hili na majina mengi, na kila jina lina nchi yake. Nikamweleza habari ya mapacha. Akanisikiliza, lakini niliona haamini. Hadithi kama ile mtu anaweza kuitunga kwenye benchi.

Akasema niketi pale pale nisiseme neno, na Mama Paskazia aingie. Akamwamkia, akamuuliza swali moja tu, kwa nini mkwewe anaitwa Shija. Mama hakujua tuna shida gani. Alikiweka kikapu chake chini, akajibu kwa Kiswahili chake cha Magu, "Kwa sababu amekuja nyuma ya Apiyo na Rodongo." Afisa akauliza hao ni akina nani. Mama akamwambia ni mapacha wa kwao huyu, Apiyo ni wa kike, yupo Kisumu, Rodongo ni wa kiume, alikufa kwa surua akiwa mdogo. Akaongeza kwamba mtu hawezi kumwita mtoto Shija bila kuwajua waliomtangulia, huko ni kumwita hewa.

Nilimtajia mara moja tu, dada, mara moja, tukichambua choroko, na mimi nilikwisha sahau kwamba nilimtajia. Yeye hakusahau. Nililia pale ofisini mbele ya afisa wa serikali, kwa sababu jina la Odongo, hata likiwa Rodongo, sikuwa nimelisikia kinywani mwa mtu tangu nilipokuwa msichana. Baba halitaji. Wewe hulitaji ila kwa barua, unapokuwa na hasira na mimi. Afisa Venant alichukua kalamu yake akaandika kwa muda mrefu, kisha akampa Mama kiti. Mzee Maige kwa fedheha aliniletea jogoo jioni ile nyumbani. Akasema yeye ni mzee wa kanisa na anajua habari ya Petro aliyemkana Yesu na jogoo akawika, kwa hiyo nimchinje huyu kabla hajawika.

Sasa, dada, kaa vizuri. Usaili huo ulikuwa mwezi wa tatu, na mvua zile kubwa zilikuwa bado zinakata barabara. Ulipoandika tena kuniomba nisitie saini kabla ya kuzungumza na Baba, majibu yalikuwa yamekwisha toka Dar es Salaam, na mimi nilikuwa nimekwisha apa. Nimeukana uraia wa Kenya. Pasi yangu imerudi kwa wenyewe. Nililitamka neno lile lile ulilonilaumu nalo, mkono juu, mbele ya hakimu, na sikukuambia kwa sababu niliogopa. Nilipolitamka nilitega sikio. Jogoo wa Mzee Maige tulikwisha mla siku nyingi, nikasikia tu honi ya meli bandarini.

Lipo jingine. Kabla ya kuapa Afisa Venant aliniuliza cheti kiandikwe jina gani, akanishauri Shija, maana ndilo linalojulikana na halitaniletea maswali tena. Nilikaribia kukubali. Kisha nikamfikiria Odongo. Hakuacha picha, hakuacha mtoto. Mimi mwenyewe uso wake siukumbuki, nakumbuka mluzi wake tu, akiiga treni. Wewe upo, lakini anayekuona leo anaona mtu mmoja. Kinachowaambia watu kwamba mlikuwa wawili ni jina langu. Nikamwambia afisa Akelo siliachi. Ndipo nikamkumbuka Mama na kikapu chake, nikatambua kwamba na Shija naye anasema jambo lile lile kwa watu wa huku. Nikaomba yaandikwe yote mawili, nikapewa.

Kwa hiyo hapa Butimba kila muuza dagaa anayeniita kwa sauti sokoni anamtaja ndugu yetu bila kumjua, na anatajwa kutwa nzima, upande wa ziwa ambao hakuwahi kuuona. Huko kwetu anatajwa na nani? Sikuulizi kwa ubaya, nauliza kwa sababu nataka kujua. Na ukishanijibu hilo, ndipo uniambie tena kwamba ninatukana.

Pasaka nitakuja na watoto. Pale mpakani, ng'ambo ya Sirari, watanigongea mhuri wa mgeni, na wakiniuliza ninakwenda kwa nani nitasema nakwenda kwetu, waandike wapendavyo. Mwandalie Baba maneno mapema, usimwache asikie kwa watu. Mama Paskazia anawasalimu wewe na pacha wako, ndivyo alivyosema na ndivyo ninavyoandika. Mpokee salamu.

Ni mimi ninayewafuata ninyi wawili,

Akelo Shija Mayala